Majina ya klasi yenye mipaka: nani anayahitaji?

Chukua duka la mtandaoni la mfanyabiashara wa Kariakoo, linaloandikwa na vijana watatu pale Kijitonyama. Mmoja yuko kwenye ukurasa wa bidhaa, kila kisanduku anakipa klasi (jina ambalo CSS, lugha ya sura za kurasa, hulitumia kupaka rangi na mipaka) ya `.kadi`. Mwenzake yuko kwenye malipo, na fomu ya kadi ya benki anaipa jina hilohilo. Siku kodi zao (za programu, si za serikali) zinaunganishwa, picha za vitenge zinavaa mpaka wa bluu ambao hakuna aliyeuagiza. CSS haijakosea: tangu toleo la kwanza la 1996, majina yake yote yako uwanja mmoja.

CSS Modules, mbinu ya kulifungia jina la klasi ndani ya faili lake, iliyokuja mwaka 2015, inaziba tundu hilo. Unaandika `.kadi` ndani ya `Malipo.module.css`, unaingiza faili kwenye JavaScript (lugha inayoendesha ukurasa), unaita `styles.kadi`. Wakati wa kubildi, yaani kufungasha faili kabla ya kuzipeleka mtandaoni, chombo kama webpack au Vite kinaligeuza jina liwe mfano wa `_kadi_x7q2a_1`, nalo haligongani na la mtu mwingine. Kabla ya hapo watu walitegemea nidhamu, kama BEM, utaratibu wa kampuni ya Yandex wa kutunga majina, nayo marefu. Nidhamu hudumu mpaka Ijumaa jioni mteja anapopiga simu kuulizia kazi yake.

Kuna faida isiyosemwa sana: kufuta. Komponenti (kipande cha ukurasa, kama kitufe au fomu) ikiondoka, inaondoka na faili lake. Kwenye faili moja la wote, nani atathubutu kugusa mstari asioujua?

Wanaopinga nao wana hoja. Wanasema majaribio ya kiotomatiki yaliyotafuta `.kadi` kwenye ukurasa yanakufa. Hiyo hainisumbui, jaribio linaloshikilia jina la klasi lilikuwa bovu tangu mwanzo. Inayouma ni nyingine: andika `styles.kadii` kwa bahati mbaya, JavaScript itarudisha `undefined` na ukurasa utapoteza sura yake bila kosa lolote kutokea, labda kama umeweka TypeScript, inayokagua kodi ya JavaScript mapema, na kuizalishia aina za majina hayo.

Tena, kinachofungwa ni jina tu. Ukiandika `.kadi p` (aya zote zilizo ndani ya `.kadi`), rangi itashuka hadi kwenye aya za komponenti iliyo ndani yake. Na klasi mbili zenye uzito sawa, kutoka faili mbili, zikikutana kwenye elementi moja, inashinda iliyokuja mwisho kwenye bando (faili lililofungashwa wakati wa kubildi, si bando la intaneti). Mpangilio huo hutegemea jinsi faili zilivyoingizwa, kwa hiyo kitufe chaweza kuwa kijani kwenye laptopu yako na kijivu kwa mteja.

Chrome tangu 2023 na Safari tangu 2024 zina `@scope`, kanuni ya CSS inayofungia mitindo kwenye sehemu moja ya ukurasa, isiyohitaji kubildi na inayoweza kuwekewa mpaka wa chini. Ila haizalishi majina ya kipekee, na simu zenye brauza ya zamani hazitaielewa.

Kwa wale vijana watatu, ambao tayari wanatumia React (maktaba ya kuundia komponenti) na Vite, sioni sababu ya kusita: hawaongezi hata programu moja. Mgahawa wa Sinza wenye ukurasa mmoja wa menyu na namba ya simu ni habari nyingine. Kuuwekea Node, programu inayoendesha vyombo vya kubildi, ili tu kugeuza majina ya klasi ni kumlipisha mwenye mgahawa matengenezo asiyoyahitaji. Na ukiuza komponenti ambazo wengine watazipaka rangi zao, majina yaliyogeuzwa yatawafungia nje, kwa hiyo waachie vigeu vya CSS (thamani zenye majina, kama rangi) wavibadilishe wenyewe.