Papa huzaliwa na kitovu

Mgeuze chali papa mchanga pale mnadani. Katikati ya mapezi yake ya kifuani utaona kovu dogo, nalo ni kitovu. Pingusi, yule papa wa kichwa cha nyundo, hukaa tumboni mwa mama yake miezi 9 hadi 12 akilishwa kupitia kondo na kiungamwana, kisha huzaliwa na urefu wa karibu nusu mita. Kovu likiwa bado bichi, samaki huyo hajaona bahari ila kwa muda mfupi sana.

Katika mabishano yetu ya uvuvi wa papa, kitovu hicho hakitajwi. Wahifadhi wanataka papa aachwe. Wavuvi wanajibu kwamba babu zao walimvua na bahari haikukauka, na kwamba wao si wale wanaokata mapezi na kutupa mzoga. Hilo la mwisho ni kweli, na wahifadhi wengi hulisahau: huku mwambao papa huliwa mzima, nyama hukaushwa kwa chumvi, ini hutoa sifa, yaani mafuta ya kupaka vyombo vya baharini.

Lakini hoja ya babu inamhesabu papa pamoja na jodari, na hapo ndipo inapokosea. Jodari jike hutaga mayai kwa mamilioni. Yakiliwa mengi, bado yapo. Pingusi jike huchukua zaidi ya miaka 10 kukomaa, na uzao mmoja huwa watoto 12 hadi 40 hivi. Manta, mkubwa kuliko wote kati ya taa, wale samaki bapa wa jamaa ya papa, hubeba mimba mwaka mzima apate mtoto mmoja, kisha huweza kukaa miaka kadhaa bila mimba nyingine. Mmoja! Ng'ombe anamshinda. Mfugaji aliyechinja mitamba yake yote hashangai zizi likibaki tupu, ila mvuvi huambiwa samaki wamehama. Tena babu alitega nyavu za pamba zilizooza. Jarife la leo, wavu wa kunasia papa, ni la nailoni, nalo hukesha majini likimnasa mama na kilichomo tumboni. Utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kuwa papa na taa wa bahari kuu wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970.

Je, mvuvi aamriwe kuwarudisha majini? Hapa namwelewa mvuvi. Pingusi hufa upesi wavuni, na asubuhi jarife linapovutwa mara nyingi hakuna wa kurudishwa. Taa mwenye mimba naye, akishikwa, huweza kuharibu mimba hapo hapo chomboni. Amri ya kurudisha inawaridhisha walioiandika tu.

Kinachoweza kusaidia ni kuchagua mahali na majira. Katika Ghuba ya Ungwana nchini Kenya, unakomwaga Mto Tana, watoto wa pingusi hunaswa na wavuvi wadogo na hata meli zinazokokota nyavu kutafuta kamba wa baharini. Meli hizo tayari hufungiwa miezi kadhaa kila mwaka, lakini kwa ajili ya kamba. Kalenda hiyo ipangwe upya ikimfuata papa pia, ianze na meli kabla ya kugusa ngalawa, na waulizwe kwanza wavuvi wa hapo, maana wao ndio wanaojua ni mwezi gani vitovu vibichi hujaa nyavuni.