Kulikaribia Jua au kukaa lindo

Mkesha wa Krismasi ya 2024, chombo cha Marekani Parker Solar Probe kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka uso wa Jua. Kimebeba vihisi vya kunasa protoni na elektroni, chembe ndogo zenye chaji ya umeme, zinazorushwa Jua linapolipuka. Siku kadhaa kilikuwa kimya. Ishara kwamba ki salama ilitufikia usiku wa tarehe 26.

Hapo ndipo penye mvutano: tugharimie safari za namna hii, au vihisi vinavyokaa lindo usiku na mchana?

Wanaotetea ukaribu wana hoja nzito. Hadi kuvuka kilomita milioni 150 kutoka Jua mpaka Duniani, chembe hizo zimeshayumbishwa na usumaku na kuchanganyika. Parker imenasa milipuko midogo ambayo huku kwetu haionekani kabisa.

Lakini mwanaanga aliye njiani kwenda Mwezini anataka kujua kama ana muda wa kujikinga. SOHO, chombo kilichorushwa 1995 kulitazama Jua, iko kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani, na kihisi chake EPHIN ni rundo la vipande vya silikoni. Chembe hupenya kipande chembamba cha juu, ikaacha nishati kidogo, kisha ikakwama chini. Linganisha ilichoacha juu na ilichoacha chini, utajua ni elektroni au protoni. Mwaka 2007 mtafiti Arik Posner alionyesha kwamba elektroni, kwa kuwa hukaribia kasi ya mwanga, hutangulia protoni zenye madhara: onyo la hadi saa moja. Agosti 1972 Jua lilitoa dhoruba kali, kati ya safari za Mwezini Apollo 16 na Apollo 17. Ingemkuta mtu juu ya Mwezi, saa hiyo moja ingekuwa uhai wake.

Kweli, pengine idadi ya elektroni hupanda bila protoni za hatari kufuata. Tena antena kuu ya SOHO ilikwama mwaka 2003, na data zake husubiri zamu ya madishi makubwa ya ardhini. Onyo linalosubiri zamu si onyo. Hata hivyo mimi naegemea upande wa walinzi, maana mlipuko hauchagui siku ambayo chombo kiko karibu na Jua.

Septemba 2025 ilirushwa IMAP, chombo kingine cha Marekani, inayoongozwa na David McComas, yuleyule anayesimamia vihisi vya chembe vya Parker. Pamoja na utafiti wake, IMAP imeundwa kuteremsha mfululizo data chache za tahadhari, biti 500 tu kwa sekunde.