Wati 500 na Mama Mkwe

Toyota IST yangu ilitoka Japani na redio ambayo FM yake inaishia 90. Kwa Dar es Salaam hiyo ni sawa na kununua kitabu kilichochanwa kurasa: vituo vingi viko juu ya hapo. Nikabadilisha redio. Kisha nikaona aibu, redio mpya inaimbia kwenye spika za karatasi zilizokwishachanika! Nikaenda Gerezani, Kariakoo, kutafuta mziki.

Muuzaji akanitolea boksi limeandikwa wati 500 kwa tarakimu kubwa kuliko jina la spika yenyewe. "Hii koaksia, bosi. Mama kampakata mtoto." Kweli, koni kubwa ya besi, na katikati yake, kwenye mhimili uleule, kaspika kadogo ka sauti nyembamba, twita. Nyuma kuna kapasita inayoizuia besi isimfikie mtoto ikamuua. Nilielewa vizuri sana. Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, maana mtu aliyeelewa kidogo hamlipi fundi elfu thelathini. Nina bisibisi mbili nyumbani, ya nini?

Waya za mlangoni zilikuwa na soketi yake. Nikaikata. Spika mpya ilikuwa na vipini viwili vya bati, kimoja kipana, kimoja chembamba. Leo najua kipana ni chanya. Siku ile nilidhani kiwanda kimekosea vipimo, nikachomeka waya wowote popote ulipoingia. Mlango wa kulia hivi, wa kushoto vile.

Nikawasha. Makelele yapo, besi hakuna. Ngoma inapigwa unasikia vijiti tu, kama redio iliyofunikwa sufuria. Mke wangu akasikiliza dakika moja akauliza, "Hizi ndizo 500?" Nikamwambia spika mpya lazima zilainike kwanza.

Jumamosi tukampeleka mama mkwe Chanika kwenye shughuli. Kama heshima nikamkalisha mbele, mke wangu nyuma. Tulipofika Ukonga, trafiki akatusimamisha. Nikabonyeza kioo. Kikashuka hadi nusu, kikasema *kwaa*, kikalala upande kama kofia ya mlevi. Hakishuki, hakipandi. Trafiki akawa ananiona kuanzia macho kwenda juu.

"Shusha kioo."

"Afande, kimekaa juu ya spika."

Sumaku ya spika mpya ilikuwa nene kuliko ya zamani, imeingia ndani ya mlango hadi kwenye njia ya kioo. Siku ya kufunga nilijaribu kila kitu isipokuwa kushusha kioo. Afande akaangalia leseni, akaniangalia mimi, akamwangalia mama mkwe, akasema, "Nendeni tu." Nadhani alinihurumia.

Mama mkwe ni mtu wa staha, hakusema neno. Lakini yale makelele yalimchosha. "Baba, naomba nipunguze kidogo." "Punguza tu, mama." Akakibonyeza kile kitufe cha kuzungusha, mara moja, mbili, tatu, akidhani anazima, kumbe ameingia kwenye balansi, ile ya kugawa sauti kati ya kushoto na kulia. Akazungusha kwenda kushoto. Sauti ya kwangu ikafa. Na kwenye mlango wake, jamani, ikaamka besi! Besi yenyewe, ya kutikisa mkoba. Akashtuka, akarudisha katikati: besi ikatoweka. Kushoto: ikarudi.

"Baba," akasema taratibu, "mbona moja inaimba kuliko mbili?"

Swali hilo nililipeleka Jumatatu kwa fundi wa umeme wa magari. Kijana hata hakugusa redio. Alitoa betri ya rimoti, ya volti 1.5, akaigusisha kwenye waya za kila spika. Ya kushoto koni ikaruka nje. Ya kulia ikazama ndani. "Umegeuza chanya na hasi, bro. Huyu anasukuma hewa, huyu anaivuta. Mmoja anatandika kitanda, mwenzake anatandua. Besi itatoka wapi?"

Na zile 500? Akacheka hadi akaweka bisibisi chini. Hicho ni kilele cha sekunde, tena cha kwenye boksi. Redio yangu, pamoja na kuandikwa 50 mara 4, inatoa kama wati 15 hadi 20 za kudumu kwa kila spika. Akageuza waya, akachonga mduara wa plaiwudi kuisogeza spika mbali na kioo, akachukua elfu arobaini. Elfu kumi ya juu, alisema, ni ya ile soketi niliyoikata.

Sasa gari linaimba vizuri mno. Ila mama mkwe amekijua kile kitufe. Kila akipanda anabonyeza mara tatu, anazungusha kwenda kushoto, anajiegemeza mlangoni na kufumba macho. Mimi naendesha kimya hadi Chanika.