Singida si mahali pa kula kuku na kupita

Basi likiingia Singida likitokea Dodoma, abiria wengi hufanya jambo lile lile: wanashuka, wananunua kuku wa kuchoma, wanarudi kwenye viti vyao na safari ya Mwanza inaendelea. Mji wenye maziwa mawili, Singidani upande wa kaskazini na Kindai upande wa kusini, umegeuzwa kituo cha chakula. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, ushauri wangu ni mmoja: lala huko, na asubuhi uwe ziwani kabla jua halijachomoza. Ukikosa asubuhi hiyo, hujaiona Singida hata ukikaa wiki.

Sababu kubwa ni upepo. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na nchi inayouzunguka ni tambarare iliyo wazi. Usiku hewa hutulia. Jua likishapasha ardhi joto, upepo unaanza kuvuma, na ifikapo saa 4 asubuhi maji yana mawimbi mafupi mafupi, vumbi limepanda na ndege wamesogea mbali. Kuanzia Juni hadi Septemba upepo huo ni mkali zaidi. Jua huchomoza kati ya saa 12:15 na saa 1 kasoro, kutegemea mwezi, kwa hiyo panga na bodaboda au bajaji tangu jioni akufuate saa 11:30 alfajiri. Kubaliana naye pia kuhusu muda wa kurudi, maana kule ufukweni huwezi kuwa na uhakika wa kupata usafiri wa kupita njia saa hizo. Asubuhi simama upande wa mashariki wa ziwa, jua liwe mgongoni. Jioni hamia magharibi. Ukifanya kinyume utaona vivuli vyeusi tu badala ya rangi za ndege.

Aliyezoea Mtera, ambako barabara ya Iringa inakupitisha karibu kabisa na maji na samaki wanauzwa kando ya njia, abadilishe matarajio. Mtera ni bwawa la maji baridi. Singidani na Kindai ni maziwa ya chumvi na magadi, na kina chake si kirefu. Mito na vijito huingia, lakini hakuna mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa kukauka juani tu, na chumvi inabaki. Ndiyo maana ufukwe unahama. Mvua zikiwa nzuri, kati ya Desemba na Aprili, maji hufika kwenye majani. Kiangazi kikikolea, hurudi nyuma na kuacha uwanja mweupe. Hakuna mchanga wa kutandika kanga, na kuogelea sikushauri: chini ni tope, na maji yenye magadi huwasha macho na kukausha ngozi.

Huo uwanja mweupe ndio unaowaumbua wageni. Kwa mbali unaonekana mgumu kama sakafu ya saruji. Kwa kweli ni ganda la chumvi, jembamba sehemu nyingine kuliko chapati, na chini yake kuna tope jeusi linalonuka kama yai viza. Mtu mzima akikanyaga, ganda linavunjika na mguu unazama hadi kifundo cha mguu, mara nyingine hadi nusu ya ugoko; ukivuta, kiatu kinabaki. Gari likiingia ni balaa zaidi, hata lenye kuvuta magurudumu yote manne, kwa sababu tope hilo linateleza na dereva akikanyaga mafuta ndipo tairi linapochimba. Angalia alama za kwato za ng'ombe. Kwato zikiwa zimeacha alama kavu ya juu juu, ardhi inabeba. Zikiwa zimechimba shimo na ndani kuna maji, simama hapo hapo. Fuata njia za mifugo na za wavuvi, kwa kuwa wao wanajua pagumu ni wapi, na egesha gari kwenye majani, si kwenye weupe. Viatu vizuri ni raba za kamba zilizokazwa; ndala zinabaki topeni.

Ndege sasa. Heroe, ambao wengi huwaita flamingo, ndio wanaopigwa picha zaidi, na ni haki yao. Wapo wa aina mbili. Mdogo ana mdomo mwekundu uliokoza hadi kukaribia weusi na hula vimea vidogo vya kijani vinavyoelea majini, jamii ya mwani. Mkubwa ni mweupe zaidi, shingo ndefu, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi, na hula wadudu wadogo wa kwenye tope. Wote hula kichwa kikiwa kimegeuzwa juu chini, wakichuja maji kwa mdomo. Chakula hicho kikipungua, wanahama usiku kwenda ziwa jingine, kwa hiyo usimlaumu mwenyeji ukikuta wachache. Mazalia yao makubwa Afrika Mashariki ni Ziwa Natron. Hapa wanakuja kula. Mbali na hao utaona mwari, bata wa mwituni, na wale ndege wembamba wenye miguu mirefu wanaotembea kwenye maji ya kina kifupi. Darubini ya kawaida, ile iliyoandikwa 8x42, inatosha kabisa.

Hapa nina neno la kuwaambia wenye simu. Kurusha jiwe ili kundi liruke upate picha ni ukatili. Heroe hawezi kupaa papo hapo kama njiwa. Ni lazima akimbie juu ya maji hatua kadhaa, na kila akirushwa anatumia nguvu aliyoikusanya kwa saa nyingi za kuchuja. Ukikurupusha kundi mara tatu asubuhi moja, umewanyima chakula. Kaa umbali wa mita 100 hivi, chuchumaa, tulia robo saa. Wakiinua vichwa wote kwa pamoja na kuanza kutembea kuelekea upande mmoja, umesogea mno, rudi nyuma. Wakizoea, watakusogelea wenyewe. Na chupa ya maji uliyokuja nayo, irudi na wewe.

Baada ya saa 4, kimbilia mawe. Miamba ya matale (graniti) iliyobebana iko pande nyingi za mji, na kutoka juu unaliona ziwa lote. Panda na soli ya mpira, mikono miwili ikiwa huru. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka, kwa hiyo kabla ya kila hatua ngumu jiulize kama utaweza kuirudia kinyumenyume. Siku ya mvua acha, ukungu mweusi unaoota juu ya jiwe huteleza kama sabuni. Usiingize mkono kwenye nyufa usizoziona ndani: pimbi hujificha humo, na nyoka pia.

Kufika si kazi. Kutoka Dodoma ni kilomita 240 hivi za lami kupitia Bahi, Kintinku, Manyoni na Ikungi. Anayetoka Dar es Salaam anaweza kupanda treni ya SGR hadi Dodoma kisha basi, ila akumbuke kwamba stesheni na stendi ya Nane Nane ni sehemu mbili tofauti, hivyo aache angalau saa moja katikati. Chagua gari linaloanzia Dodoma. Mabasi ya kwenda Mwanza hupita Singida, lakini huja yamejaa na mara nyingi utatakiwa kulipa nauli ya kiti kinachokwenda mbali kuliko wewe. Juni na Julai beba sweta zito. Wageni wa Pwani hudhani katikati ya nchi ni joto mwaka mzima, halafu wanatetemeka usiku kucha.

Nyumba ya kulala, iangalie mchana kabla ya kulipa. Uliza mambo mawili: maji yanatoka saa ngapi, na dirisha limeelekea wapi. Chumba cha karibu na stendi kitakuamsha na honi saa 10 usiku. Maji ya visima vingi vya mkoa huu yana chumvi, ndiyo maana sabuni haitoi povu, na baadhi yana floraidi nyingi kuliko inavyofaa. Kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi, kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Siku mbili tatu hazitakudhuru. Mwenye watoto wadogo ambao meno yao ya pili bado yanajengeka ndani ya ufizi, na anayetaka kukaa zaidi, anunue ya chupa.

Kuku. Tofauti ya kuku mzuri na wa kukuchosha taya ni umri. Jogoo mwenye kipi kirefu nyuma ya mguu na magamba magumu ni mzee, atataka saa moja na nusu ya kuchemshwa kabla hajaona moto. Pora au tetea bonyeza ncha ya mfupa wa kidari; ikipinda chini ya kidole, nyama ni laini. Kuku wa kienyeji akiwekwa moja kwa moja kwenye jiko la mkaa hukauka nje na kubaki mbichi kwenye mfupa, kwa hiyo muulize mchomaji kama kachemshwa kwanza. Agiza mapema, saa 6 kwa chakula cha saa 8.

Ukinunua asali, usiipime kwa kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha; jaribio hilo halithibitishi chochote. Kuganda nako si dalili ya kuchanganywa na sukari, asali safi nyingi huganda. Ikitoa mapovu na harufu ya pombe, imevunwa kabla haijaiva na ina maji mengi, iache.

Na mafuta ya alizeti, ambayo karibu kila mgeni huyabeba. Yaliyokamuliwa karibuni yana harufu ya mbegu na machicha kidogo chini ya dumu. Yaache yatulie siku mbili, mimina ya juu kwenye chombo kingine. Nunua dumu jipya, lililowahi kubeba kitu kingine halitoki harufu. Usijaze hadi shingoni, acha vidole vitatu, kwa kuwa buti ya basi ni ya moto na mafuta hutanuka. Kata kipande cha nailoni nene, kiweke kwenye mdomo wa dumu, kisha kaza kifuniko juu yake hadi nailoni ivutike pembeni. Pindua dumu chini juu na uhesabu hadi 30. Tone likionekana, fungua na uanze upya hapo hapo dukani, si kwenye basi.