Niliwaambia Polisi wa Texas "Bado"

Ijumaa moja ya Machi 2022, wiki moja kabla ya mwezi mtukufu, mpwa wangu anayeishi pembezoni mwa Houston alinishusha mbele ya duka kubwa la vyakula, akanikabidhi orodha ya vitu vya futari, kisha akaenda kutafuta mahali pa kuegesha gari. Tulikuwa tumetoka msikitini, kwa hiyo nilivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na kofia ya viua. Jambo hilo nalitaja mapema kwa sababu kanzu ile itahitajika baadaye katika ushahidi.

Nilipofika mlangoni nilifanya kile ambacho kila mtu wa Mombasa hukifanya bila ya kufikiri. Nilisimama, nikatoa simu na miwani mfukoni, nikatanua mikono kama mnandi anayeanika mbawa, nikamngoja askari anipitishie kile kijiti chao cha kutambua chuma. Kwetu ukaguzi huo, ambao ulizidi kukazwa baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013 lililoua watu 67, umekuwa sehemu ya kwenda sokoni kama vile kubeba kikapu. Nilisimama hivyo kwa muda, milango ya kioo ikifunguka na kufunga mbele yangu, mpaka mama mmoja aliyesukuma toroli akaniomba radhi na kupita chini ya kwapa langu. Hapakuwa na askari. Nilishusha mikono, nikaingia, na kusema kweli nilijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila ya kupiga hodi.

Katika sehemu ya mboga na matunda ndipo nilipomwona. Alikuwa mzee wa miaka ipatayo 70, amevaa kofia pana ya wachunga ng'ombe na mkanda wenye bizimu kubwa kama kisahani cha chai, na juu ya nyonga yake ya kulia, ndani ya ala ya ngozi, palining'inia bastola nyeusi ambayo kila mwenye macho aliiona. Alikuwa anaminya maparachichi.

Msidhani kwamba mimi ni mtu wa kushtushwa na bunduki. Nimeziona maisha yangu yote. Polisi wa benki ya mtaani kwetu huwa nayo begani huku amekaa kwenye kiti cha plastiki akisoma gazeti, na watu humsalimu na kupita. Lakini bunduki ya kwetu ina sare. Raia mwenye leseni huificha kibindoni, na ukiona silaha mikononi mwa mtu asiyevaa sare, unajua kwamba muda si mrefu utaombwa simu, pochi na pengine viatu. Moyo ulinipasuka. Nikayakumbuka mafunzo tuliyopewa shuleni kabla sijastaafu: usikimbie ovyo, lala chini, tambaa, jifiche nyuma ya kitu kizito, kisha uite msaada kwa sauti ya chini. Niliyatekeleza yote kwa mpangilio huo, ila mpangaji wa mafunzo yale hakuwahi kutambaa akiwa amevaa kanzu.

Kanzu ni vazi la heshima, na heshima yake yote imo katika kusimama wima. Mtu akitambaa nayo, goti la kwanza hukanyaga pindo, goti la pili hulivuta, na ukosi humkaba shingo na kumrudisha chini kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba. Nilisonga mbele hatua mbili, nikajikaba, nikasonga moja, nikajikaba tena, na katika kuhangaika huko bega langu liligusa mnara wa makopo ya maharage uliokuwa umepangwa kwa ustadi mwishoni mwa rafu. Sitaki kuueleza mlio wake. Nitasema tu kwamba yalikuwa makopo mengi, na kwamba kila moja lilianguka kwa wakati wake.

Watu wote waligeuka. Wengi walisimama pale pale walipo, na aliyetoka mahali pake kunifuata alikuwa mmoja tu: yule mzee, parachichi mkononi na bastola kiunoni, akiuliza kwa sauti kubwa kama nimeumia. Sikungoja kumjibu. Nilipata nguvu za ujana, nikapita kwa magoti baina ya rafu mbili, nikafika kwenye mchele, nikavuta mfuko wa basmati wa ratili 20 na kuukumbatia mbele ya kifua changu. Kama mchele huzuia risasi sijui, lakini saa ile niliuamini kuliko ndugu.

Nikapiga 911. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti ya utulivu, na maswali yake yalikuwa mafupi na ya maana.

"Huyo mtu anafanya nini sasa?"

"Ana parachichi," nilinong'ona.

"Na bastola iko mkononi?"

"Hapana. Mkononi ndiko kuliko parachichi. Bastola iko kiunoni."

"Ameitoa?"

"Bado."

"Amemtishia mtu yeyote?"

"Bado."

Hapa nawaomba wasomaji wenzangu waniamulie, maana nyinyi ni watu wa lugha hii. Mswahili aliyelelewa hafungi mlango ambao Mungu hajaufunga. Ukimwuliza kama ameoa, hasemi hapana, husema bado. Kama ana watoto, bado. Kama amekwenda Makka, bado, na hujibu hivyo hata akiwa na umri wa miaka 90 na hana nauli ya kufika Malindi. Ni adabu tu. Lakini mimi nilikuwa nazungumza Kiingereza kwa kinywa na kufikiri kwa Kiswahili, na neno hilo likishavuka mpaka huo hugeuka kuwa utabiri. Yule mama alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba askari wako njiani na nibaki pale nilipo.

Askari walifika upesi, wawili, mwanamume wa makamo na msichana aliyefunga nywele nyuma. Nilichungulia juu ya mchele nikaona wanampita yule mzee, wanampungia mkono, naye anawaelekeza kwa parachichi lake upande wangu. Baadaye nilielewa sababu. Simu waliyopokea haikuwa yangu peke yake. Mteja mwingine alikuwa amewapigia kuripoti kwamba ndani ya duka mna mwanamume mzima aliyevaa gauni la kulalia, anatambaa baina ya rafu, ameangusha bidhaa na sasa amejificha nyuma ya gunia akizungumza peke yake. Ukiwa askari, na ukawekewa mbele yako mtu mwenye bastola anayechagua matunda na mtu mwenye gauni anayenong'oneza mchele, utaanza na nani?

"Bwana, weka mikono tuione," alisema yule wa makamo.

Niliiweka juu mara moja, maana mpwa wangu alinihutubia juu ya jambo hilo tangu uwanja wa ndege: polisi wa huku wakikusimamisha, Mjomba, mikono ionekane, usikimbie, usibishane, na usitie mkono mfukoni hata pua ikikuwasha. Mfuko wa mchele, kwa kukosa mshikaji, ulinidondokea mguuni.

"Una silaha yoyote?"

Wallahi nilijua jibu. Jibu lilikuwa hapana. Mimi ni mgeni wa viza ya matembezi, na sheria ya nchi yao, isipokuwa kwa mambo machache kama uwindaji wenye kibali, hainiruhusu hata kuishika. Katika mfuko wa kanzu nilikuwa na tasbihi, miwani, kitambulisho, orodha ya vitu vya futari na peremende mbili za mnanaa. Lakini adabu ya miaka 63 ilinitangulia kinywani.

"Bado," nilisema.

Yule msichana alirudi nyuma hatua moja. Yule wa makamo akaniuliza, taratibu sana, kama ninatarajia kupata silaha leo. Nikamwambia kwamba hayo yote yamo mikononi mwa Mwenyezi Mungu. Naandika haya kwa aibu, maana nilidhani ninamtuliza.

Walinitaka kitambulisho. Nikawaeleza kwamba kimo mfukoni, na kwamba mpwa wangu amenikataza kabisa kuingiza mkono humo mbele ya askari. Wakanitazama. Wakaniambia nikitoe polepole. Nilikitoa polepole kama bibi harusi anayeshuka ngazi, kidole baada ya kidole, mpaka yule wa makamo, ambaye nadhani zamu yake ilikuwa inakaribia kwisha, akaniambia kwamba ninaweza kuongeza mwendo.

Wakati huo ndipo mpwa wangu alipoingia mbio kutoka maegeshoni, akaona polisi, akaniona mimi nimekaa chini baina ya makopo na mchele, na bila ya kuuliza lolote akanyosha mikono yake juu na yeye. Tukawa wawili. Alizungumza nao kwa kile Kiingereza chao cha puani, akawaeleza maana ya bado, akaieleza tena, na nikamwona yule msichana anageuka kuelekea kwenye rafu ya chumvi huku mabega yakimtikisika. Alikuwa anacheka. Sijawahi kufurahi kuchekwa kama siku ile.

"Sasa mwanangu," nilimwambia mpwa, "waulize na yule je, mwenye bastola?"

Jibu la yule askari nililisikiliza kama mwanafunzi wa mstari wa mbele. Tangu tarehe 1 Septemba 2021, alisema, mtu mzima wa miaka 21 ambaye sheria haijamzuia anaruhusiwa Texas kubeba bastola hadharani bila ya leseni, mradi iwe ndani ya ala. Akiitoa au kuionyesha kwa namna ya kuwatisha watu, hapo ni kosa. Mwenye duka naye ana haki ya kuikataza, ila abandike tangazo mlangoni kwa Kiingereza na Kihispania, kwa herufi zisizopungua inchi moja kwa urefu. Duka hilo halikubandika. Mpwa aliongeza kwamba Walmart, baada ya mauaji ya Agosti 2019 katika duka lao la El Paso, waliwaomba wateja wasiingie na silaha zilizo wazi hata pale sheria inaporuhusu. Kwa maneno hayo wote tulikaa kimya kidogo, na hata yule mzee, ambaye kumbe alikuwa amesogea na kusimama nasi, alivua kofia yake.

Yule mzee alikuwa mtu wa maneno mengi na, nakiri, mwalimu mzuri. Alikuwa anaokota makopo ya maharage huku akinisomesha historia ya kwao: kwamba Texas, ambayo dunia nzima huidhani nchi ya bastola, iliwakataza watu kutembea nazo tangu mwaka 1871, kwamba leseni ya kuibeba kwa kuificha ilianza 1996 tu, na ya kuibeba wazi ikaja 2016. Bunduki ndefu, hata hivyo, hazikuwamo katika katazo hilo, na ndiyo maana kabla ya 2016 walikuwapo watu walioingia madukani na migahawani wakiwa na bunduki ndefu begani, kusudi wadai haki ya kubeba fupi.

"Yaani mtu amekatazwa kisu, akaja na panga kulalamika?" nilimwuliza.

Mpwa alikataa kulitafsiri swali hilo.

Mzee akaniuliza kwa nini nilimkimbia. Nikamjibu ukweli, kwamba kwetu mtu asiye na sare akionekana na bastola dukani, huwa hakuja kununua. Alilifikiria jambo hilo kwa muda, akaitazama bastola yake kama mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wake mpole amemng'ata mgeni, kisha akaniuliza tui la nazi lililoandikwa katika orodha yangu ni la kupikia nini. Nikamweleza mbaazi. Nikamweleza na muhogo wa nazi. Akatoa kalamu na kuandika nyuma ya orodha aliyopewa na mkewe, nami nikamhimiza asitumie tui jepesi tangu mwanzo, jambo ambalo naamini askari wa kike pia alilisikiliza, kwa sababu aliniuliza kuhusu pilipili.

Meneja wa duka hakutaka nilipe. Makopo sita yalibonyea, nikayanunua yote sita kwa ajili ya heshima, na ndiyo maana Ramadhani ile tulikula maharage kuliko futari nyingine yoyote.

Mlangoni, wakati wa kutoka, mfanyakazi mwenye fulana ya duka alinisimamisha. Mwenyewe nilikuwa nimechoka, kanzu ina alama mbili nyeusi magotini, ukosi umekatika kifungo. Niliweka mifuko chini, nikatanua mikono, nikafumba macho. Alinigusa bega kwa upole akasema kwamba anataka risiti tu. Aliisoma yote kutoka juu hadi chini, akahesabu makopo, akaniuliza, kwa lile lililobonyea zaidi, kama nina hakika nalitaka, akaufungua mfuko wa tende kuutazama ndani, halafu akachora mstari kwa kalamu nene.

Yule mzee alitupita wakati huo, maparachichi manne katika mfuko wa plastiki, bastola mahali pake. Alinigusia ukingo wa kofia. Mfanyakazi alimtakia mchana mwema na kurudi kuhesabu tui langu.