Mahali Pana Wenyewe, Hata Ireland

Tarehe 17 Machi Ireland yote huvaa kijani. Hapa Ennis, kaunti ya Clare, ninakoishi na kufanya kazi ya kuhudumia wazee, gwaride hupita katikati ya mji na matrekta yake, bendi zake na watoto wa vilabu vya michezo. Kila hatua chache unakutana na mtu aliyevaa koti la kijani, kofia ndefu na ndevu za bandia za rangi ya machungwa. Huyo ni leprekoni, kijitu cha hadithi chenye chungu cha dhahabu. Siku yenyewe ni ya Mtakatifu Patrick, mhubiri wa karne ya 5, na imekuwa mapumziko rasmi tangu 1903, lakini ukiwatazama watalii wanavyopiga picha utadhani ni sikukuu ya leprekoni.

Watu wetu wengi wa Afrika Mashariki walioko huku jambo hili linawachoma. Wanasema: sisi tuliambiwa mizimu yetu ni ushenzi, mikoba ya waganga ikachomwa moto, leo Wazungu wanaandamana na majini yao mchana kweupe na watoto wanagawiwa pipi. Uchungu huo naujua na una sababu. Ila kwa Waairishi tunagonga mlango siyo. Hawa nao walitawaliwa na Waingereza kwa karne nyingi, lugha yao ikapigwa vita shuleni, imani za wanakijiji wao zikachekwa. Wakaja kuamua kutoyaonea aibu mambo ya bibi zao. Sisi wa pwani tuna la kujifunza hapo, tena hatulipati kwenye gwaride.

Wazee ninaowahudumia hawamtambui sana huyo leprekoni wa kofia ya kijani. Wao wanamjua fundi viatu, mpweke, mkali wa maneno, anayesikika akigonga nyundo chini ya ua wa miti. Simulizi za karne ya 19 humvika koti jekundu, hili la kijani limekuja baadaye. Kuna kisa ambacho karibu kila mzee hapa anakijua. Kijana mmoja alimkamata leprekoni, akamkazia macho bila kupepesa kwa sababu ukigeuza jicho tu ametoweka, akamlazimisha amwonyeshe dhahabu ilipofukiwa. Leprekoni akampeleka kwenye shamba kubwa lililojaa magugu ya maua ya njano, akamwonyesha gugu moja: chimba hapa. Kijana hana jembe. Akavua utepe mwekundu wa soksi yake, akaufunga kwenye gugu lile, akamwapisha yule kijitu kwamba hataufungua. Leprekoni akaapa. Kijana akakimbia nyumbani, akarudi na sepeto, akakuta kila gugu la shamba zima limefungwa utepe mwekundu. Kiapo hakikuvunjwa, na dhahabu hakuipata. Mtoto wa Tanga akisikia kisa hicho hahitaji kufafanuliwa kitu, maana na sisi tumelelewa na hadithi za Sungura na Abunuwasi.

Lakini leprekoni ni mmoja tu katika taifa zima la viumbe ambao wazee huwaita watu wema. Wanaitwa hivyo kwa adabu na kwa tahadhari, kwa sababu wema wao si wa kuutegemea. Wengine husimulia kwamba ni kabila la zamani, Tuatha Dé Danann, walioshindwa vitani wakahamia chini ya vilima. Wengine, Wakatoliki wa kushika rozari kila jioni, husema ni malaika walioteremshwa: hawakuwa wema kiasi cha kubaki mbinguni wala wabaya kiasi cha kutupwa motoni, wakaachwa hapa duniani katikati. Makazi yao ni zile duara za udongo na mawe zilizotapakaa mashambani, ambazo wanaakiolojia wanasema ni maboma ya wakulima wa kati ya mwaka 500 na 1000 hivi. Zimeandikishwa takriban 45,000 kisiwa kizima. Sheria inazilinda tangu 1930, lakini zilishalindwa na hofu karne nyingi kabla ya sheria.

Mzee mmoja aliyelima maisha yake yote magharibi ya kaunti hii aliwahi kunieleza boma la shambani kwake. Baba yake alilima kulizunguka, naye akalizunguka, na trekta ilipokuja ikalizunguka vilevile. Tawi halikukatwa, jiwe halikuondolewa, hata ng'ombe akiingia humo walimsubiri atoke mwenyewe. Nikamuuliza kama anaamini. Akanijibu kwamba yeye ni Mkatoliki, anaamini Mungu mmoja, na boma halichezewi.

Kwetu tungesema: pale pana wenyewe. Sikuwa na haja ya kuuliza zaidi. Tulipopelekwa mapango ya Amboni, Tanga, tukiwa wanafunzi, tulipofika kwenye chumba cha mzimu kiongozi alitutaka tuteremshe sauti. Pale chini kulikuwa na ubani, chupa za marashi, sarafu na vipande vya vitambaa. Hakuna aliyecheka, hata wale watukutu. Ndugu zetu Wadigo wa upande wa Kwale, Kenya, wanayo Kaya Kinondo, msitu ambao mgeni akiingia hufungwa kaniki, na hatoki na kitu, hata jani. Baadhi ya kaya za Mijikenda zimeingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na ukiruka kwa ndege juu ya pwani ile utaona miti mikubwa ya asili imebaki wapi: palepale wazee walipokataza shoka.

Na mfanano hauishii kwenye mahali. Waairishi wa zamani wakiona upepo wa kisulisuli unanyanyua majani makavu njiani, walisema watu wema wanapita, wakasogea pembeni. Bibi yangu akiona kisulisuli alisema kinyamkela huyo, akatuvuta tuingie ndani. Hapa ilikuwa mwiko kutoa maziwa au moto nje ya nyumba tarehe 1 Mei, kwa sababu utakuwa umetoa baraka ya mwaka mzima. Kwetu usiku hufagii, huazimi sindano, hupigi mluzi. Nani alimfundisha nani? Hakuna. Binadamu wanaoishi karibu na ardhi hufika mahali pamoja kwa njia zao.

Ndiyo maana naona sikukuu ya kweli ya watu wema hata siyo hii ya Machi. Ni mkesha wa Mei Mosi, watu walipoweka maua ya njano kizingitini, na ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, Samhain, ambapo mlango kati ya wao na sisi husemwa uko wazi. Siku hizo hazina kelele nyingi. Kuna mama ninayefanya naye kazi, umri wake hauzidi wangu sana, ambaye bado anaweka maua yale mlangoni kila Aprili ikiisha, na mti wa miiba wenye maua meupe hauingizi ndani hata umpe nini.

Mti huo una kisa ambacho ningependa kila mhandisi wa Tanzania na Kenya akijue. Mwaka 1999 barabara kuu mpya ilikuwa inapangwa kupita Latoon, kusini ya hapa Ennis, na katikati ya njia palikuwa na kichaka kimoja cha miiba. Msimulizi wa hadithi wa Clare, Eddie Lenihan, akapaza sauti magazetini. Alisema pale ndipo watu wema wa jimbo la Munster wanapokusanyika wakienda kupigana na wa jimbo la Connacht, na kwamba kichaka kikikatwa, madereva watakaopita hapo watalipa. Habari ikafika hadi magazeti ya New York. Halmashauri ingeweza kumcheka mzee wa hadithi ikaendelea na kazi. Ikarekebisha mpango, mti ukaachwa, ukawekewa uzio. Mwaka 2002 mtu asiyejulikana aliuendea na msumeno akakata matawi yote. Mti ukachipua upya, na mpaka leo ukitoka Ennis kwenda Limerick unaupita. Mti wenyewe ni mdogo, mgeni anaupita bila kuutambua.

Halafu 2017 mbunge wa kaunti ya Kerry, Danny Healy-Rae, alisema hadharani kwamba barabara ya Killarney inadidimia kila ikitengenezwa kwa sababu eneo lile ni la watu wema. Wa mijini walimcheka sana. Mimi nilimheshimu, kwa sababu alisema mchana kile ambacho wapiga kura wake husema jikoni.

Sisi kwetu ni kinyume. Mchana tunakana, usiku tunabisha hodi. Mtu huyohuyo anayesema mkutanoni kwamba mizimu ni ujinga, uchaguzi ukikaribia anajulikana kwa mganga gani amelala. Na kwa sababu hatukiri mchana, hatuna la kusema katapila linapokuja. Mbuyu uliowatangulia babu zetu unang'olewa asubuhi moja kupisha kituo cha mafuta, na hakuna mwenye ujasiri wa kusimama mbele ya mkandarasi aseme: hapa pana wenyewe, pita pembeni.

Najua ndugu zangu wa dini watanijia juu. Mimi ni Muislamu, na majini kwangu si hekaya: Kurani ina sura nzima kwa jina lao, ya 72. Walioumbwa kwa moto wapo, kama walioumbwa kwa udongo tulivyopo. Ninachokataa ni kuwaomba. Kumwomba kiumbe riziki au mtoto ni shirki, na chupa za marashi za Amboni kwa hilo sizitetei. Lakini kuacha msitu ukae, kuteremsha sauti pangoni, kutokata mti ambao kijiji kizima kinauheshimu, ibada iko wapi hapo? Hiyo ni adabu ya mpangaji anayejua kwamba nyumba si yake peke yake. Yule mzee Mkatoliki mwenye boma analijua hilo vizuri kuliko masheikh na wachungaji wetu kadhaa.

Kuna upande mwingine, na nisipousema nitakuwa nawapamba Waairishi. Machi 1895, siku za sikukuu hiihii, huko Ballyvadlea kaunti ya Tipperary, Bridget Cleary, mwanamke kijana, fundi cherehani, aliugua. Mumewe Michael akashikilia kwamba huyu si mkewe, kwamba watu wema wamemchukua wakaacha kiumbe chao kitandani. Walimnywesha dawa za mitishamba kwa nguvu, ndugu wakimshika, mwisho mume akamchoma moto. Kisha akakesha kwenye boma la Kylenagranagh akitaraji mkewe wa kweli atatokea juu ya farasi mweupe. Alihukumiwa miaka 20, akatumikia 15.

Mtanzania akisoma kisa hicho hawezi kuwanyooshea kidole. Bibi zetu wa Shinyanga na Mwanza wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za kuwapikia wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa. Kilifi, Kenya, wazee wanauawa kwa jina la uchawi na siku chache baadaye shamba linauzwa. Siku hofu ya wenyewe inapohamishwa kutoka mahali ikatupiwa mtu, inakuwa mauaji, na haina utamaduni wowote wa kutetewa. Waairishi waliweka mpaka kati ya mahali na mtu. Leo hapa mtu anaweza kuogopa kukata mti, lakini hakuna anayemshuku mke wa jirani. Sisi tumefanya kinyume kabisa: mti tunaukata bila wasiwasi, bibi ndiye tunayemwogopa.

Na walifikaje huko? Jibu moja naliona kwenye madaftari ya shule. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Ngano za Ireland iliwapa watoto wa madarasa ya juu ya shule za msingi kazi ya kuwauliza wazazi na mababu zao: hadithi, tiba, miiko, mahali penye watu wema, nani aliwaona na wapi. Watoto wakaandika kwa mkono wao. Zilipatikana kurasa zaidi ya 700,000, zinatunzwa chuo kikuu cha University College Dublin, na siku hizi mtu yeyote anazisoma kwenye intaneti, kijiji kwa kijiji. Nimesoma za vijiji vya jirani hapa. Mtoto anaandika mwandiko wa kuinama, wino umemwagika pembeni: kuna boma kwenye shamba la mjomba wangu, na usiku muziki husikika. Kitu kikishaandikwa na mtoto shuleni, mwalimu akakisahihisha tahajia, kinatoka gizani. Watu wanaweza kukijadili, kukipenda, hata kukikataa, bila kunong'ona na bila kutafuta wa kumlaumu.

Serikali iliyofanya vile haikuwa tajiri. Ilikuwa nchi ya wakulima maskini, imetoka vitani miaka isiyozidi kumi na mitano nyuma. Kwa hiyo nisiambiwe Tanga haiwezi, au Pemba, au Kwale. Walimu tunao, madaftari tunayo, simu za kurekodi ziko mifukoni mwa wanafunzi. Wazee ndio wanaopungua.

Na kwa barabara hatuhitaji hata sheria mpya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, na wananchi washirikishwe. Kwenye vikao hivyo tunazungumzia fidia ya minazi na vyumba vilivyopigwa alama ya X, kisha tunatia saini karatasi ya mahudhurio. Waitwe na wale wanaojua mahali pana wenyewe, waulizwe mbele ya mhandisi, na mti au pango liwekwe kwenye ramani yake kwa jina kabla katapila halijashushwa kwenye lori.