Jedwali Lililokatwakatwa

Wiki iliyopita nilisimama foleni katika bandari ya Malindi, Unguja, nikimtazama karani akiingiza namba ya tiketi ya bibi mmoja aliyekuwa anakwenda Mkoani, Pemba, kisha akakunja mikono kuusubiri mfumo. "Stahamili bibi, mtandao mzito leo," alisema. Mtandao haukuwa na kosa. Hifadhidata ya mfumo ule, yaani ghala la kumbukumbu zake, niliwahi kuitumikia, na ninajua kwamba jedwali lake la tiketi lilikatwa vipande vya siku kwa siku na mtaalamu mmoja aliyelipwa vizuri, akaondoka kwa boti ya jioni.

Kugawa jedwali kwa tarehe hufaa pale ombi linapoitaja tarehe yenyewe, kwani hapo PostgreSQL, programu inayoiendesha hifadhidata ile, huviacha vipande visivyohusika na kusoma kile kinachotakiwa tu. Karani hatafuti kwa tarehe. Anatafuta kwa namba ya tiketi. Kwa hiyo kila anapobonyeza, seva hulazimika kupekua faharasa, yaani orodha ya kutafutia, ya kila kipande, na kwa miaka sita vipande hivyo vimeshapita 2,100, ilhali zamani ilipekua faharasa moja ikamaliza. Tena, kwa kuwa ufunguo mkuu (kitambulisho cha kila mstari, kisichoruhusiwa kujirudia) wa jedwali lililogawiwa ni lazima ujumuishe safu ya tarehe inayoligawa, namba ya tiketi peke yake haina tena wa kuizuia isijirudie: yaweza kuandikwa Jumatatu, ikaandikwa tena Jumanne, na hifadhidata ikanyamaza kimya. Nilipomuuliza mtaalamu wetu, alinijibu kwamba ndivyo wanavyofanya wakubwa duniani. Naam, na meli za makontena zina nanga za tani kadhaa, lakini sijamwona mvuvi wa Nungwi akiifunga moja kwenye ngalawa yake.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuondoa data kuukuu kumekuwa rahisi: kipande kizima hung'olewa mara moja, badala ya kufuta mstari mmoja mmoja na kuacha mamilioni ya mistari mifu ikisubiri kusafishwa. Ni faida kubwa kweli. Ila katika ofisi ile, tangu siku ya kwanza, hakuna aliyewahi kufuta hata tiketi moja.

Bibi alikabidhiwa karatasi yake boti ikiwa imeshapiga honi.